Kabla ya Kulipa kwa QR, Soma Jina

Umenunua maembe sokoni Marikiti, Machakos, na kwenye kibanda kuna stika ya QR. Alama hii ilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso kufuatilia vipuri vya magari. Mwaka 2023, Benki Kuu ya Kenya ikatoa viwango vya QR za malipo.

Stika iko kibandani, lakini pesa huenda kwa akaunti iliyo ndani ya alama. Tapeli akibandika yake juu, kwa macho hutajua. Kwa hivyo:

1. Gusa stika. Je, kuna nyingine chini yake?
2. Skani, kisha usome jina linalotokea.
3. Muulize muuzaji: "Hili ni jina lako?"
4. Si lake? Usiweke PIN.

Mama mboga, nawe kagua stika yako kila asubuhi.