Majibu ya Kipimo cha Protini: Usiishie Kwenye Jumla

Hosteli zetu zina madaktari wengi. Ukivimba miguu tu, utaambiwa: "Hiyo ni protini imeshuka, bumu likiingia kula mayai." Mimi nasomea ualimu, lakini kuisoma karatasi ya majibu ni hesabu ya kutoa tu, kwa hiyo twende pamoja.

Mstari wa kwanza ni jumla ya protini. Kwa mtu mzima, kawaida ni kama gramu 6.0 hadi 8.3 kwa desilita, ingawa maabara hutofautiana kidogo. Wa pili ni albumini, kama 3.4 hadi 5.4. Ukitoa albumini kwenye jumla, unapata globulini.

Albumini hutengenezwa na ini, na kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasitoke kwenye mishipa ya damu. Ikipungua sana, maji huvuja na miguu au kope huvimba. Kwenye globulini ndimo zilimo kingamwili zinazopambana na maradhi.

Sasa chukua mfano: jumla 7.2, albumini 2.6. Jumla inaonekana safi kabisa, sivyo? Toa: globulini ni 4.6. Moja imeshuka, nyingine imepanda, na jumla imezificha zote mbili. Majibu ya namna hii huweza kuonekana kwa mwenye ugonjwa sugu wa ini, kwa mfano.

Swali la maana ni hili: albumini imekwenda wapi? Huenda ini halitengenezi ya kutosha. Huenda figo zinaivujisha kwenye mkojo. Huenda utumbo hausharabu chakula vizuri, au mwili unapambana na maambukizi. Lishe duni nayo imo, lakini si peke yake. Tena nusu ya albumini iliyomo kwenye damu leo hudumu kwa takriban wiki tatu, hivyo sahani moja ya maharage haibadilishi majibu ya kesho.

Mwenzetu mmoja wa ghorofa yetu alikula mayai mwezi mzima huku mkojo wake ukitoa povu. Alipopimwa mkojo, protini ilikuwa inapotelea huko. Mayai hayazibi figo inayovuja.

Kwa hiyo ukipewa karatasi, muulize daktari mambo mawili: albumini yangu ni ngapi, na je, tupime mkojo, figo na ini? Ukiwa umevimba, usisubiri bumu.