SOMO LA MWEZI: CHANYA SI BARAKA, HASI SI LAANA

Fungu la kusoma: Nehemia 8:1-8



Mama mmoja alitoka zahanati na mtoto mwenye homa. Aliambiwa kipimo cha malaria ni hasi. Akafika nyumbani analia, akidhani mtoto amekutwa na jambo baya. Jirani akamweleza kwamba hasi maana yake malaria haikuonekana. Mama akafurahi, akamfunika mtoto, akatulia. Siku ya tatu homa bado kali, na mtoto anahema kwa shida. Aliporudishwa, alikutwa na homa ya mapafu. Namshukuru Mungu, alitibiwa akapona.

Mama huyu alikosea mara mbili. Kwanza alidhani hasi ni ubaya, kisha akadhani hasi ni uzima. Kumbe kipimo kilijibu swali moja tu: je, kuna malaria? Tujifunze.

1. Nyumbani. Katika maongezi, "mawazo chanya" ni mema na "mawazo hasi" ni mabaya. Katika hesabu, hasi ni upungufu: ukiwa na shilingi 2,000 na deni la 5,000, umesimama kwenye hasi 3,000.

2. Katika umeme. Tazama jiwe la redio. Upande wenye kichuchu ni chanya, upande bapa ni hasi. Benjamin Franklin wa Marekani alianza kutumia majina hayo kwa umeme mwaka 1747. Hakumaanisha wema na ubaya. Ukiunga upande wa chanya peke yake, redio haisemi.

3. Zahanati. Chanya maana yake kilichotafutwa kimeonekana. Hasi maana yake hakikuonekana. Kwa hiyo aliyepimwa VVU akaambiwa hasi ashukuru, lakini akiambiwa arudi kupima tena, arudi, kwa sababu maambukizi ya karibuni huenda yasionekane mapema. Naye aliyeambiwa chanya hakuhukumiwa kufa. Akimeza dawa zake kila siku, na virusi vikapungua hata visionekane kwenye kipimo, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Mama mjamzito anayefuata matibabu anaweza kuzaa mtoto asiye na VVU.

Neno linatufundisha nini? Watu wa Nehemia walikuwa wametoka uhamishoni, kama sisi tulivyo ugenini. Torati iliposomwa, Walawi hawakuishia kusoma. Waliwaeleza watu maana hata wakaelewa. Ukiendelea mpaka mstari wa 12 utaona furaha yao ilitokana na kuelewa.

Sisi tuliochanganya Kifaransa, Kirundi, Kiswahili na Kiingereza, tusione haya kumuuliza mganga: "Hasi ya nini? Chanya ya nini? Sasa nifanye nini?" Tena katika kanisa letu asiitwe mtu "yule chanya". Hilo ni jibu la kipimo. Mtu mwenyewe ameumbwa kwa mfano wa Mungu, Mwanzo 1:27.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Mtoto ana homa na kipimo cha malaria ni hasi. Tufanye nini?
2. Ni neno gani tuliwahi kulisikia tukaogopa bila kuuliza maana?
3. Tunampokeaje ndugu aliyeambiwa chanya?

Bwana awape ufahamu katika yote. Amina.

Mchungaji wenu