“IMEKATAA” SI RIPOTI

Wanachama wenzangu, nimepewa ukurasa huu niwaeleze jambo moja tu: namna ya kutoa taarifa programu ya mafaili inapoanguka. Programu ya mafaili ni ile inayotuonyesha folda, tukanakili, tukafuta na kubadilisha majina. Wako wanaodhani hiyo ndiyo kompyuta yenyewe. La hasha! Ni programu kama nyingine, nayo hufa.

Sasa tazama lugha yetu. Kule maabara kila tatizo lina jina moja: “Mwalimu, imekataa!” Imekataa nini? Kiswahili si maskini kiasi hicho. Dirisha likiwa bado lipo lakini halisikii kipanya wala kibodi, limeganda. Likitoweka ghafla bila kuaga, limeanguka. Likikuambia huna ruhusa ya kufungua folda, hapo ndipo limekataa kweli, na programu yenyewe ni nzima kabisa. Maradhi matatu, dawa tatu. Kilichoganda huenda kinangojea flashi mbovu. Kilichoanguka mara nyingi kimegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, mfumo ukakiua. Kwenye Linux ishara ya kuuawa huko ni namba 11.

Hebu tuchukue mfano. Rafiki yangu wa Kidato cha Nne alikuwa na mradi wake wa somo la Kompyuta katika folda moja, na siku tano tu zimebaki autoe kwa mwalimu. Mradi ulihusu hesabu za maziwa. Kila akifungua folda, dirisha linatoweka. Wenzake wakamshauri afomati diski. Mungu apishe mbali!

Nilimwuliza: ni folda zote? Hapana, hii tu. Kila mara? Kila mara, pale vijipicha vinapoanza kuchorwa. Jibu hilo la pili lilikuwa na thamani kuliko “imekataa” mia moja. Tukafungua dirisha la amri, tukaandika ls, na majina yote yakajipanga mbele yetu. Kumbe mafaili hayakuguswa. Aliyekufa ni mwenye kuyaonyesha. Tukayanakili yote kwenye flashi kwa amri ya cp kabla ya kufanya lolote lingine. Hapo jamaa akapumua.

Kisha tukamtafuta mchawi katika ile nakala. Kulikuwa na picha 64. Tukazigawa nusu kwa nusu katika folda mbili, tukaona ni ipi inayoangusha programu, tukaigawa hiyo tena. 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mara sita tu! Aliyebaki ni picha moja iliyokatika ikinakiliwa wakati stima ilipopotea. (Kama folda zote zingekuwa zinaangusha, ningejaribu kwanza kwa akaunti mpya ya mtumiaji, ikifanya kazi huko, basi kasoro iko kwenye mipangilio yako.)

Lakini picha mbovu haipaswi kuua programu, kwa hivyo waliounda programu walistahili kuambiwa. Mwingereza Simon Tatham, aliyeunda programu ya PuTTY, aliandika mwaka 1999 kuhusu kuripoti kasoro, akashikilia kwamba fundi awezeshwe kuiona kasoro mwenyewe, na kwamba uliyoyaona yasichanganywe na unayoyakisia. Basi tuliandika hivi:

“Nikifungua folda yenye picha hii, dirisha linatoweka baada ya kama sekunde mbili. Nimejaribu mara kumi, limetoweka mara kumi. Nikiitoa picha, halitoweki. Nilitarajia folda ionekane, hata kama picha haina kijipicha. Nakisia kasoro iko kwenye uchoraji wa vijipicha.”

Chini yake tukaongeza toleo la programu, toleo la mfumo, na maneno yaliyotokea tulipoianzisha programu kutoka dirisha la amri, herufi kwa herufi, bila kuyatafsiri. Hilo la mwisho wengi hulipuuza, wakaandika “ilileta maneno fulani ya Kizungu”. Fundi atafanya nini na “fulani”?

Picha ilikuwa ya ng’ombe wa kwao, akaituma bila wasiwasi. Ile nakala ya kumbukumbu ambayo mfumo huhifadhi programu ikifa aliiacha nyumbani, maana huweza kuwa na majina ya mafaili yako na hata mambo yaliyomo ndani yake.