Harusi kwanza, au mlango wa moyo kwanza?

Mwanangu wa Mangobo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimetafuta kiti. Ina kurasa nne, na swali lenyewe umelificha chini ya ule wa mwisho, kama mtu anayezungumzia bei ya mchele saa nzima ndipo aseme amekuja kukopa. Unauliza: "Tantine, nifanye harusi kwanza ndipo nipasuliwe moyo, au nipasuliwe kwanza? Maana wanasema aliyepasuliwa moyo hazai."

Ngoja nikurudishie habari yako, uone kama nimekuelewa. Una miaka 23, unashona nguo. Utotoni koo lilikuuma mara kwa mara, kisha magoti yakavimba, leo hili, kesho lile, na watu wazima wakasema ni kukua tu. Tangu mwaka jana pumzi inakukatika. Ukipanda toleka kwenda sokoni unashuka unahema kana kwamba wewe ndiye uliyekanyaga pedali. Usiku unalalia mito mitatu. Docta amekupima kwa eko, akasema mlango mmoja wa moyo umebanwa na lazima ufunguliwe, na kwamba kazi hiyo itabidi uifuate nje ya Kisangani. Mama anataka uende kwenye chumba cha maombi. Binamu wa Brussels anasema siku hizi ni jambo dogo, wanapitia mguuni. Sindano ya kila mwezi umeiacha kwa sababu jirani mmoja alichomwa, akaanguka. Na mchumba wako, yule anayevuka kutoka Lubunga kwa mtumbwi kila Jumapili, anachojua ni kwamba una "tension kidogo".

Tension kidogo! Hapo nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Mimi si docta, lakini nimesoma na nimeuliza, na nadhani fundo lako limefungwa kwenye neno moja. Docta alisema mlango *ufunguliwe*. Wewe ukasikia moyo *upasuliwe*. Umebeba neno hilo miezi mitatu bila kurudi kumuuliza.

Moyo una milango minne ya kupitisha damu, wengine huiita valvu. Wako wenye shida ni ule wa kushoto, uitwao mitrali, unaopokea damu inayotoka mapafuni. Kwa mtu mzima mwenye afya mlango huo unafunguka upana wa sentimeta za mraba 4 hadi 6. Kwenye karatasi uliyoninakilia wako umeandikwa 1.1. Ukishuka kufikia 1.5 madaktari tayari wanauita mbaya. Damu ikikosa njia inarudi nyuma mapafuni, ndiyo maana ukilala chali unaona kama unazama, na ndiyo maana ya mito mitatu. Wala hakuna aliyekuroga. Yale makoo ya utotoni ndiyo yaliyoanzisha. Mwili ulipopigana na vijidudu vya koo ulikosea adui, ukashambulia viungo na milango yake wenyewe. Magoti yalipona. Mlango ulibaki na kovu, na kila koo jipya likaongeza jingine, hadi mbao zake mbili zikagandana pembeni.

Tena usidhani umeteuliwa peke yako. Watafiti waliowapima watoto wa shule za Kinshasa, wakatangaza matokeo mwaka 1998, walikuta ugonjwa huu, rumatizimu ya moyo, kwa watoto kama 14 katika kila 1,000, na mitaa ya kimaskini yenye msongamano ilikuwa na wengi zaidi. Baadaye wagonjwa 3,343 waliandikishwa katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, majirani zetu Uganda na Rwanda wakiwemo. Nusu yao walikuwa hawajapita miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Yaani ni wewe na wenzako wa cherehani. Nitakuambia na lililobaki, kwa sababu umesema nisikufiche: katika miaka miwili, karibu 17 katika kila 100 walifariki. Wengi wao walifika hospitali wakiwa wamechelewa, na wachache tu ndio waliowahi kutengenezwa milango. Namba hiyo ni ya kungoja. Usiichukue kama namba ya operesheni.

Sasa huyo binamu. Amesema kweli nusu, na nusu ya kweli ikivuka bahari huongezeka uzito. Anachokisimulia ni mlango mpya unaopitishwa kwenye mshipa wa mguu, jambo ambalo Alain Cribier alilifanya kwa mara ya kwanza kule Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Ule ni kwa mlango mwingine, wa kutolea damu kwenda mwilini, na hasa kwa wazee ambao mlango huo umekakamaa kwa umri. Mzee wa Ubelgiji na binti wa Mangobo hawaugui kitu kimoja.

Lakini ipo njia ya mguuni inayoweza kukufaa wewe. Mjapani Kanji Inoue aliianza mwaka 1982. Wanaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena, wanaupandisha hadi moyoni, wanatoboa tundu dogo kwenye ukuta wa vyumba vya juu, kisha kwenye mlango uliobanwa wanajaza puto. Puto likivimba, mbao zilizogandana zinaachana. Kifua hakiguswi, na ukiwa huna matatizo unarudi nyumbani baada ya siku chache. Penye mikono iliyozoea, kufa katika kazi hiyo ni nadra, na wengi hukaa miaka 10 na zaidi kabla mlango haujaanza kubanana tena.

Si kila mlango unakubali puto, na hapo ndipo nakutuma urudi kwa docta, safari hii na kalamu. Muulize: je, mlango bado ni laini au umeshaota chokaa? Je, unavuja sana? Je, kuna bonge la damu lililoganda kwenye chumba cha juu? Ukiwepo uvujaji mkubwa au bonge, puto halifai, angalau si leo. Majibu hayo matatu yana thamani zaidi kuliko kurasa zako nne, samahani.

Kama puto halitafaa, ndipo lile neno lako la kupasuliwa linaingia. Kuna kuurekebisha mlango wako mwenyewe, ikiwezekana. Kuna kuwekewa wa tishu, utokanao na ng'ombe au nguruwe. Na kuna ule wa kutengenezwa kiwandani, ambao watu huuita wa chuma. Watu hudhani operesheni inamaliza ugonjwa. Mwanangu, inabadilisha deni tu. Mlango wa chuma unaweza kudumu maisha yako yote, lakini damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo utameza warfarini au Sintrom kila siku mpaka mwisho, na kupima damu mara kwa mara kile kipimo kinachoandikwa INR. Dawa ikizidi, unavuja damu. Ikipungua, mlango unaziba au bonge linapanda kichwani. Mlango wa tishu haukudai dawa hiyo maisha yote, ila unachakaa, na kwa vijana unachakaa haraka, pengine miaka 10 au chini yake, kisha kifua kinafunguliwa tena.

Kwa hiyo usiulize tu mlango upi ni mzuri. Uliza ni deni lipi utaweza kulilipa ukiwa Kisangani. Kabla hujakubali chuma, nenda wewe mwenyewe, si kwa simu, kwenye maabara utakayoitegemea. Waulize wanapima INR siku zipi, kwa bei gani, na vifaa vikiisha hufanya nini. Nenda na pharmacie mbili uone kama dawa iko rafuni leo. Sombe hutalazimika kuiacha, maana najua umeshaanza kulia. Majani ya kijani yana vitamini inayopunguza nguvu ya dawa hiyo, basi unakula kiasi kilekile kila wiki, ili docta apime dawa juu ya sahani yako ya kawaida. Kinachovuruga ni kula sombe sufuria nzima wiki hii na wiki ijayo kuisusa. Na binamu akikutajia vidonge vipya visivyohitaji kupima damu, mshukuru. Mlango wa chuma hauviruhusu. Na kwa wagonjwa wa rumatizimu ya moyo wenye mapigo yaliyovurugika, utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2022 ulikuta wale wa dawa ya zamani ndio waliokufa wachache.

Haya, uzazi. Waliokuambia aliyepasuliwa hazai wamelishika jambo mkiani. Tumbo la uzazi halina ugomvi na moyo. Shida ni kwamba mwanamke akibeba mimba damu yake huongezeka karibu nusu nzima, na kwa mlango wa 1.1 damu hiyo yote itapita wapi? Wa kuogopewa ni yule anayebeba mimba kabla mlango haujafunguliwa. Puto likifanikiwa, wanawake wengi huzaa salama wakiwa chini ya uangalizi. Kwa mlango wa chuma ni vigumu zaidi, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto miezi ya mwanzo, na kuiacha kunamhatarisha mama. Takwimu zilizokusanywa kimataifa na kutolewa mwaka 2015 zilionyesha kwamba mimba 58 katika 100 za wenye mlango wa kiwandani zilikwisha na mtoto hai bila tukio baya, dhidi ya 79 kwa wenye mlango wa tishu. Kwa hiyo mpasuaji yeyote atakayekuona lazima asikie kinywani mwako, kabla hajashika kisu, kwamba unataka watoto. Usimwachie abahatishe.

Umeona sasa swali lako lilikuwa limekaa upande? Harusi haina shida na moyo wako. Olewa hata Jumamosi ijayo ukitaka. Mimba ndiyo ingoje mlango. Na kungoja si kuomba bahati: nenda kwa muuguzi wa uzazi wa mpango, umwambie una mlango wa moyo, maana vidonge vile vya homoni mbili huongeza kuganda kwa damu na havikufai. Kijiti cha mkononi ni jambo la kumuuliza.

Lakini hutaolewa na kijana anayedhani una tension kidogo. Anayevuka mto kwa mtumbwi kila Jumapili haogopi maji. Kwa nini umfanye aonekane mwoga wa karatasi ambayo hujamwonyesha? Nenda naye kwa docta, akae kiti cha pili, asikie 1.1 kwa masikio yake. Akikimbia, utalia, nami nitalia nawe, lakini utakuwa umejua mapema kuliko chumba cha kujifungulia. Na akibaki, kuna hesabu ya kufanya pamoja, ya zile sare za kitenge, masanduku ya bia na muziki wa siku mbili. Sisemi msisherehekee. Nasema karamu ndogo na tiketi ya ndege vinaweza kutoka mfuko mmoja.

Ndege, nimesema. Kwa pumzi hiyo, barabara ya kwenda mashariki kupitia Nia-Nia na Komanda usiifikirie, hata kabla hatujataja usalama. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa mwaka 2015 pale Muhimbili, na Kiswahili chako kitakutosha, ingawa watakicheka kidogo. Kampala kuna Uganda Heart Institute pale Mulago. Kigali kuna King Faisal. Wapo watakaokutajia Khartoum, kituo cha Salam, kilichowafungua Waafrika wengi bure tangu 2007. Ushauri huo ulikuwa mzuri hadi vita vilipoanza Aprili 2023. Usifunge mzigo kwanza. Mwombe docta wako wa eko akupe picha zenyewe, zile zinazotembea, si karatasi tu, zitumwe kwao, wajibu kama unafaa puto, bei gani, na ungojee muda gani.

Kuhusu sindano, nakukosoa na kukupa haki kwa pamoja. Penisilini ya kila mwezi ndiyo inayozuia kovu jipya. Uganda waliwafuatilia watoto karibu 800 wenye dalili za mwanzo: katika miaka miwili, waliochomwa ambao milango yao ilizidi kuharibika hawakufika hata 1 katika 100, na wasiochomwa walikuwa 8. Hata ukiwekewa mlango mpya utaendelea nayo. Lakini hofu yako si ya kijinga. Wenye mlango uliobanwa sana wanaweza kuzimia baada ya sindano, wakati mwingine vibaya, na si kwa sababu ya mzio. Mwaka 2022 wataalamu wa moyo wa Marekani walishauri wagonjwa wa hali kama yako wafikiriwe vidonge vya penisilini badala yake. Ungesema "docta, naogopa" angekuwa na la kukupa. Wewe ukanyamaza, ukaacha yote.

Mama yako mwache aombe, na wewe omba naye. Ila kufunga bila maji huku umeacha dawa yako ya kukojoa, hapana. Mchungaji akikuwekea mkono mmoja kichwani, mwombe kwa ule mwingine akushikie kikombe umeze kidonge. Na makayabu, mwanangu, yale ya samaki wa chumvi nyeupe uliyoyasifia ukurasa wa pili, yakufike mezani mara chache sana. Mito mitatu inaanzia humo pia.

Jumapili anakuja, si ndiyo? Mwache anywe maji kwanza, apumzike na jua la mtoni. Kisha toa ile karatasi ya docta uliyoificha chini ya cherehani.

Tantine wako