Kidonge Kilichomo Ndani ya Droo: Dawa za Maumivu na Afya ya Mfanyakazi

Katika ofisi, maduka, saluni na karakana nyingi kuna dawa ambayo haikuandikwa na daktari wala haimo katika sanduku la huduma ya kwanza. Imo ndani ya droo ya meza, katika mkoba, au nyuma ya kaunta karibu na daftari la mauzo. Ni vidonge vya maumivu vilivyonunuliwa vinne au sita asubuhi njiani, na mwenye navyo humgawia mwenzake yeyote anayelalamika kichwa, mgongo au kiuno. Kugawiana huko hufanywa kwa nia njema. Hata hivyo, anayetoa hajui mwenzake anatumia dawa gani nyingine, na anayepokea mara nyingi hajui jina la alichomeza.

Somo hili linahusu kidonge hicho: kina nini ndani yake, ni nani kinaweza kumdhuru, na kwa nini mtu mwenye afya yake ajikute anakihitaji kila siku ya kazi. Dawa za maumivu ni miongoni mwa dawa zenye manufaa makubwa kwa binadamu, na mtu aliyeteguka mguu au kung'olewa jino hana sababu ya kuteseka ilhali zipo. Tatizo huanza pale zinapogeuka sehemu ya ratiba ya kazi, kama chai ya saa nne.

Majina mengi, makundi machache

Mnunuzi hukutana na majina mengi ya kibiashara na rangi nyingi za pakiti, lakini dawa za maumivu zinazouzwa kwa wingi hutoka katika makundi mawili makubwa. La kwanza ni parasetamoli. La pili ni dawa za kupunguza maumivu na uvimbe, ambamo mna diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Tofauti kati ya makundi haya ndiyo jambo la kwanza ambalo mtumiaji anapaswa kulifahamu, kwa kuwa hatari zake si zile zile.

Parasetamoli haiudhi tumbo kama ndugu zake, na kwa watu wengi ndiyo ya kuanzia. Hatari yake ipo kwenye kiasi. Mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, tena kwa kuachanisha dozi kwa saa zisizopungua 4. Kuzidisha kiasi hicho huweza kuharibu ini, na uharibifu huo haujitangazi mapema. Mtu anaweza kujihisi mzima siku ya kwanza ilhali ini limekwisha kuanza kuumia. Anayekunywa pombe kwa wingi, au mwenye uzito mdogo sana, huweza kudhurika kwa kiasi kidogo zaidi.

Hapa ndipo jina la kibiashara linapompotosha mnunuzi. Vipo vidonge mseto vyenye diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja, na vipo vya kichwa vinavyochanganya aspirini, parasetamoli na kafeini. Mtu akimeza kidonge mseto saa tatu kwa ajili ya mgongo, kisha saa sita akameza parasetamoli kwa ajili ya kichwa, anadhani ametumia dawa mbili tofauti. Kumbe amerudia ile ile. Dawa halisi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la pakiti, na hizo herufi ndogo ndizo za kusoma.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hufanya kazi kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo huchochea maumivu na uvimbe, na kwa sababu hiyo tukizizuia tunapata nafuu. Lakini mwili huzitumia pia kwa kazi nyingine mbili zilizo muhimu: kuulinda utando wa ndani wa tumbo dhidi ya asidi, na kuiacha wazi mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo. Kidonge hakijui kuchagua. Kinapotuliza mgongo, kinapunguza pia ulinzi wa tumbo na damu iendayo kwenye figo. Kwa siku mbili tatu, mtu mwenye afya hustahimili bila shida. Kwa miezi, hesabu hubadilika.

Wanaopaswa kujihadhari zaidi

Tuchukue mfano wa mhasibu mwenye umri wa miaka 48, anayetumia losartani kwa ajili ya shinikizo la damu pamoja na dawa ya kupunguza maji mwilini. Anaketi tangu saa mbili asubuhi, mgongo unauma, naye hupewa diklofenaki na jirani yake wa meza. Dawa hizo tatu kwa pamoja ni mchanganyiko ambao madaktari wa figo wanauogopa. Losartani hugusa upande mmoja wa mfumo wa damu wa figo, diklofenaki upande wa pili, na dawa ya maji hupunguza ujazo wa damu yenyewe. Figo huweza kushindwa kazi ghafla, hasa mtu akiwa hajanywa maji ya kutosha au ana tumbo la kuhara. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetumia kaptopili, enalapili au lisinopili badala ya losartani. Zaidi ya hayo, dawa za kundi hili hupandisha presha zenyewe, hivyo mgonjwa huongezewa dawa za presha ilhali anayeipandisha ni kidonge cha droo. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki.

Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilipitia upya usalama wa diklofenaki, na tangu hapo wagonjwa wenye maradhi makubwa ya moyo na mishipa, pamoja na waliowahi kupata kiharusi, walielekezwa wasiitumie. Wengine wanaopaswa kuuliza kabla ya kumeza dawa za kundi hili ni wenye vidonda vya tumbo, wenye pumu, wazee, na wajawazito. Kwa mjamzito hatari huongezeka kuanzia wiki ya 20. Wafanyakazi wa juani, kama wa ujenzi na wapakiaji mizigo, nao wamo katika orodha hii, kwa kuwa mwili uliokaukiwa na maji huzitegemea mno zile prostaglandini ili kuzilinda figo. (Aspirini ya kiasi kidogo ambayo daktari amemwandikia mgonjwa wa moyo ni jambo jingine; mgonjwa huyo asiiache kwa kusoma kijitabu hiki.)

Kuna pia suala la homa. Jiji la Dar es Salaam limepata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na mwaka 2019. Ugonjwa huo huanza kwa homa kali, maumivu ya kichwa na ya viungo, dalili ambazo mfanyakazi yeyote huziita uchovu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huweza kuchochea kuvuja damu kwa mgonjwa wa dengi. Parasetamoli ndiyo inayoruhusiwa. Na kwa kuwa malaria nayo huanza hivyo hivyo, mwenye homa anahitaji kipimo kwanza, wala si kidonge cha kumwezesha kumaliza zamu.

Kichwa kinachoumwa kwa sababu ya dawa

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba dawa ya kichwa ikitumiwa mara nyingi mno huweza yenyewe kusababisha maumivu ya kichwa. Wataalamu wa mishipa ya fahamu huangalia idadi ya siku: anayetumia dawa za kawaida za maumivu kwa siku 15 au zaidi katika mwezi, au vidonge mseto kwa siku 10 au zaidi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, yumo hatarini. Kichwa huanza kuuma takriban kila siku, mara nyingi asubuhi. Mgonjwa humeza, hupata nafuu kidogo, kisha maumivu hurudi, naye humeza tena. Tiba kuu ni kuacha dawa iliyozidi, na siku za mwanzo huwa ngumu kiasi kwamba yafaa zipitiwe kwa msaada wa mhudumu wa afya.

Zoezi lifuatalo halina gharama. Kwa mwezi mmoja, tia alama kwenye kalenda kila siku unayomeza dawa ya maumivu, na kando yake andika saa na kazi uliyokuwa ukiifanya. Mwisho wa mwezi hesabu alama. Zikifika 10, nenda kituo cha afya na kalenda hiyo mkononi, kwani itamsaidia daktari kuliko maelezo ya jumla kwamba kichwa kinasumbua. Tazama pia saa zenyewe. Alama zikirundikana saa tisa alasiri, siku usizokula mchana, tatizo lako halipo kwenye dawa.

Unaponunua

Nunua katika famasia au duka la dawa lililosajiliwa, na taja dawa nyingine zote unazotumia kabla hujaulizwa. Pakiti inapokatwa kwa mkasi ili kuuza vidonge vinne, aghalabu tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo hubaki upande wa muuzaji. Una haki ya kuoneshwa pakiti nzima na kuandikiwa jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu na tarehe hiyo. Kidonge kilichowekwa kwenye kibahasha kisicho na maandishi usikipokee, hata kama foleni ni ndefu. Hali kadhalika, usikubali kuchomwa sindano ya diklofenaki dukani kwa sababu tu inasemekana kufanya kazi haraka; madhara yake kwa tumbo na figo ni yale yale.

Chanzo kikiwa mahali pa kazi

Kwa maoni yetu, nusu ya mjadala huu haumhusu mfamasia bali mpangilio wa kazi. Mgongo wa mtu anayeketi saa nane kwenye kiti kisicho na egemeo utauma, na utauma tena kesho. Sehemu ya juu ya skrini ikiwa usawa wa macho, umbali wa mkono mmoja, miguu ikagusa sakafu na mtu akasimama kila nusu saa, maumivu mengi ya shingo na kiuno hupungua. Mwenye kusimama siku nzima, kama msusi au mlinzi, anahitaji kinyume chake: kiti cha kuketi kwa vipindi.

Sheria nayo ipo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 mapumziko ya angalau dakika 60, isipokuwa kazi yenyewe haiwezi kuachwa wala kufanywa na mwingine. Saa za kawaida zimewekewa ukomo wa 45 kwa wiki. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari anastahili likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Wengi humeza vidonge ili waonekane kazini siku ambazo sheria imekwisha kuwalipia wakae nyumbani. Tunafahamu kwamba kudai haki hizi mbele ya msimamizi mkali si rahisi kama kuziandika. Ndiyo maana inafaa zidaiwe na wafanyakazi kwa pamoja, kupitia chama au mwakilishi wa usalama na afya, badala ya mmoja mmoja.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya zao kuhusiana na kazi wanayoifanya. Mwajiri anapoandaa siku ya kupima presha, kipimo kiwe cha haki: mtu aketi kwa utulivu dakika 5, mkono ukiegemezwa usawa wa moyo, bila kunywa kahawa nusu saa kabla, na majibu apewe yeye peke yake. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kirudiwe siku nyingine kabla mtu hajaitwa mgonjwa. Na aulizwe dawa za maumivu anazotumia. Swali hilo husahaulika mno.

Maumivu yakiwa yametokana na kazi yenyewe, mjulishe mwajiri kwa maandishi na ubaki na nakala. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya Sheria ya mwaka 2008, hushughulikia magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na ajali, lakini dai lisilo na kumbukumbu ni gumu kulithibitisha.

Dawa ikikudhuru

Kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu, kifua kubana, miguu kuvimba, au mkojo kupungua sana baada ya kutumia dawa hizi ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi sehemu za siri, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo. Madhara ya dawa yaripotiwe pia, kupitia kituo cha afya au moja kwa moja kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hupokea taarifa hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Taja jina la dawa, namba ya toleo, mahali ulipoinunua, siku uliyoanza kuitumia na dawa nyingine ulizokuwa ukitumia. Na vidonge vilivyobaki usivitupe mpaka vimekaguliwa.