Tetea ameatamia, nawe unasubiri nini?

Mdogo wangu, sogea tuzungumze. Najua umeanza kumwogopa kuku wako mwenyewe. Juzi alikuwa mpole, akidonoa mahindi miguuni pako. Leo ukipeleka mkono kiotani anavimba manyoya, anaguna kwa sauti nzito, anakudonoa mpaka unatoka alama. Hatagi, hatoki, wenzake wanachakura uani na yeye amejibana pale pembeni macho yamekodolea ukuta. Umeshauliza kwa wifi, kwa jirani, kwa kijana wa duka la dawa za mifugo, na kila mmoja ana lake. Huyu kasema mpe antibiotiki, yule kasema mchinje kabla hajafa.

Weka kisu chini, na hiyo dawa irudishe dukani. Kuku wako haumwi, anaatamia.

Wala usione aibu kwamba hukujua. Barua za namna hii napata nyingi, na zinatoka kwa watu wenye akili zao timamu, waliokulia mjini, wakajenga Goba au Chanika, wakaona uwanja wa nyuma upo, wakaanza na kuku watano. Aliyekulia kijijini alimwona bibi yake akiweka mayai chini ya tetea, akajua bila kufundishwa. Wewe hukumwona, basi. Mambo haya yanajulikana kwa kuambiwa, na dada yako nipo hapa kukuambia.

Ndani ya mwili wake kuna homoni inayoitwa prolaktini, imepanda. Ndiyo inayomtuma aache kutaga, akae, atoe joto. Mwinue taratibu umtazame kifuani: utakuta sehemu haina manyoya, ngozi ni nyekundu na ukiigusa ni ya moto. Manyoya hayo mengine kayanyofoa mwenyewe ili ngozi iguse mayai. Upanga wake kichwani utafifia rangi. Kwa kawaida atatoka mara moja tu kwa siku, dakika 20 au 30 hivi, atakula harakaharaka, atakunywa, ataoga vumbi, atatoa kinyesi kikubwa ajabu chenye harufu kali, kisha atarudi mbio. Kinyesi hicho ndicho kinachowapeleka wengi wenu duka la dawa. Mwenzio alikuwa amekibana tangu jana ili asichafue kiota. Ni usafi wake, muachie.

Sasa nikuulize, na unijibu kweli: unataka vifaranga au unataka mayai?

Yote mawili ni halali. Kisichofaa ni hiki unachofanya sasa, cha kumuacha tu. Leo unamwacha alalie, kesho unatoa mayai mawili ya chapati, keshokutwa matetea wengine wanaingia kiota hichohicho wanataga juu yake, na wewe hujui tena lipi la lini. Unajua mwisho wake? Siku ya 21 wanatoka vifaranga watatu. Mama anasikia sauti zao, anawasubiri kidogo, kisha anashuka nao kwenda kutafuta chakula. Nyuma yake yamebaki mayai manane, na baadhi yana kifaranga hai wa wiki mbili ndani, amebakiza siku chache tu atoke. Yanapoa pale pale. Utakuja kuyapasua ukiyadhani viza, na utakachokiona kitakunyima hamu ya chakula cha jioni. Wahenga walisema kuku havunji yaile. Hayo, mdogo wangu, huvunjwa na mwenye kuku asiyejua anataka nini.

Basi tuseme unataka vifaranga. Vizuri. Kwanza mtafutie mahali pake peke yake, pa giza kidogo, pakavu, pasipopitwa na watoto wala mbwa, na pawe chini, maana kifaranga akitotolewa juu ya kabati ataanguka siku ya kwanza. Kikapu kipana au boksi la mbao linatosha, uweke nyasi kavu. Kumhamisha, mhamishe usiku. Mwekee mayai mawili usiyoyajali kwanza, umtazame kesho yake. Akitulia, usiku unaofuata mwondolee hayo na umwekee ya kweli, 10 hadi 13 kwa tetea wa kienyeji wa kawaida. Usijaze 18 kwa tamaa. Yanayochungulia nje ya mbawa yanapoa, halafu akiyageuza yanaingia ndani na mengine yanatoka nje yapoe nayo, hivyo unaharibu yote kwa kutaka mengi. Kila yai litie alama ya penseli. Kila jioni pitisha mkono chini yake, na yai lisilo na alama ujue limetagwa leo, lipeleke jikoni.

Na mayai yenyewe yawe mapya, yasizidi siku 7 tangu kutagwa, yaliyohifadhiwa mahali pa baridi ya kawaida, ncha iliyochongoka ikitazama chini. Ya kwenye friji hapana. Na ninakuomba sana, hapa mnanitia uchungu: msiende dukani mkanunua trei ya mayai mkamwekea kuku. Mayai hayo ya dukani kwa kawaida hutoka kwa kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo. Hayana mbegu. Kuku wako atakaa siku 21, atapitisha hata siku hizo akingoja, amekonda kifua kimebaki mfupa, na hakuna kitakachotoka. Ukitaka mbegu bora, tafuta kwa mfugaji mwenye jogoo, hata kama ni Kuroiler au Sasso. Kuku hao mara nyingi hawana moyo wa kuatamia, kwa hiyo tetea wako wa kienyeji anaweza kuwalelea. Ila yai la bata mzinga au kanga linachukua wiki nne hivi, na la hawa bata wetu wenye nyama nyekundu usoni linachukua hadi siku 35. Ukimwekea kuku mayai ya bata, umemwongezea kifungo cha wiki mbili, na lazima umlishe kwa mkono wako. Usiyachanganye na ya kuku kamwe.

Weka maji na punje za mahindi au mtama karibu na kiota, aone akiinuka tu. Kama siku nzima hajatoka, mwinue wewe kwa mikono miwili, ukiangalia asiwe amebana yai chini ya bawa, umweke penye chakula. Kuna matetea wenye bidii mpaka wanajisahau, wanakufa juu ya mayai.

Halafu utitiri. Naomba usipite hapa haraka, kwa sababu kuku wengi mnaowaita wajinga, eti wameacha mayai yao, walikimbia kuliwa. Utitiri hujificha mchana kwenye nyufa za mbao na chini ya nyasi, usiku hutoka kunyonya damu. Na mwenye kuatamia ndiye asiyeondoka, basi wote humwishia yeye. Nenda na tochi usiku, funua nyasi, pitisha kidole kwenye ufa. Ukiona vidudu vidogo vyekundu au vyeusi vinatembea, au mkono wako ukianza kuwasha, umejua. Dawa ya hili huanza kabla hajakaa: safisha kiota, choma nyasi kuukuu, nyunyiza majivu makavu ya kuni chini kabisa ndipo uweke nyasi mpya. Wakishamshambulia tayari, mwulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako akupe unga unaofaa, na usimpulizie dawa ya mbu ya nyumbani.

Siku ya 7, usiku, zima taa, chukua tochi ya simu, iweke kwenye upande mpana wa yai, ziba pembeni kwa vidole na umulike. Lenye uhai utaona doa jeusi na mishipa myembamba myekundu inayotawanyika. Lisilo na mbegu litakuwa angavu tu. Liondoe, maana linachukua joto la wenzake, na likikaa litaoza lipasukie kiotani. Ganda la kahawia zito linasumbua kidogo, hivyo ukiwa na shaka rudia siku ya 14. Kuanzia siku ya 18 usimguse tena. Mikono yako iweke mfukoni.

Nasema iweke mfukoni kwa sababu najua moyo wako. Utasikia kifaranga analia ndani ya yai, utaona tundu, masaa yatapita, na huruma itakusukuma ummenye. Ukimmenya mapema damu iliyo kwenye utando wa ganda itamwagika, kiini hakijaingia tumboni, na utamzika. Kutoka kunaweza kuchukua siku nzima. Waliotangulia hawana njaa, bado wanaishi kwa kiini walichotoka nacho, kwa hiyo usimwondoe mama kiotani kwa haraka ya kuwalisha.

Mna methali yenu mnayojifariji nayo, kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei. Mimi methali hiyo naiheshimu lakini siipi nafasi bandani. Vifaranga wengi hawauawi na umaskini, wanauawa na kideri, kunguru na beseni la maji. Mchanje mama kideri kabla hajaanza kuatamia, kwa chanjo ya tone la jicho inayorudiwa kila baada ya miezi 3, na kinga yake itapita kwenye kiini iwafae watoto siku za mwanzo. Wiki za kwanza wafunike na mama yao kwenye tenga, kunguru wa Dar usiwaone wengi ukadhani ni ndege wa mapambo. Maji yawe kwenye kisahani chenye vikokoto, si beseni.

Tugeukie wewe unayetaka mayai. Huna nafasi, jogoo huna, au vifaranga hawakuwa kwenye mpango wako. Basi usimwonee haya, mzuie, na umzuie siku ya kwanza au ya pili unapomwona amelala kiotani usiku badala ya kupanda kichanja na wenzake. Ukichelewa inakuwa kazi. Watakuja washauri wa kumtumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, wengine watasema mfunge kamba mguuni juani, wengine mnyime maji. Kataa. Huyo ni kiumbe anayefuata alichoumbiwa, na mateso hayamfundishi kitu zaidi ya kukukimbia wewe.

Mtie kwenye kizimba cha waya, sakafu yake nayo waya, ukiinue juu ya matofali ili upepo upite chini ya kifua chake. Joto la kifuani ndilo linalomshikilia, likipoa na hamu inapungua. Usiweke nyasi wala kitambaa. Chakula na maji ya kutosha, mwanga, kivuli, na awaone wenzake. Siku 3 au 4, mchana na usiku. Kisha mfungulie umtazame anakwenda wapi. Akikimbilia kuchakura na wengine, amepona. Akirudi moja kwa moja kiotani, mrudishe siku nyingine 2. Kutaga ataanza tena baada ya wiki moja au mbili hivi, usimhesabie siku. Na mayai ya wengine okota kila siku, maana rundo la mayai kiotani linamwita hata aliyekuwa hana wazo.

Kama bado unasitasita katikati, ipo njia ya tatu. Akishakaa wiki mbili hivi, nunua vifaranga wa siku moja, waingize chini yake usiku wa giza mmoja mmoja, uondoe mayai. Asubuhi amka mapema ukawaangalie. Wengi huwapokea kama wao, lakini wapo wanaowadonoa, na huyo ukimwona wanyang'anye papo hapo uwalee kwa taa.

Usiku wa leo, kabla hujalala, nenda bandani na penseli au nenda na kizimba. Ukishaamua niandikie, uniambie umechukua kipi.