BREKI KATIKA MTEREMKO WA MILEPA: SOMO LA NISHATI NA MSUGUANO

Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Milepa iko katika bonde la Ziwa Rukwa, ambalo maji yake yako kwenye kimo cha mita 800 hivi. Gari liendalo huko hushuka ukingo wa Bonde la Ufa, mara nyingi likiwa limejaa abiria na magunia. Baadhi ya wenye magari ya Land Rover na Land Cruiser hubadili diski na pedi ili wapate breki imara zaidi. Fizikia ya sekondari yatosha kuonyesha faida na mipaka ya mabadiliko hayo.

Joto la mteremko

Chukulia kwamba gari lenye kilo 2,500, pamoja na mzigo, linashuka kimo cha mita 900 kwa mwendo usiobadilika. Nishati inayotolewa ni:

2,500 × 9.8 × 900 = jouli 22,050,000

Kwa kuwa mwendo hauongezeki, nishati hiyo yote hugeuka kuwa joto. Joto hilo laweza kupasha lita 65 za maji kutoka digrii 20 hadi 100 za Selsiasi. Kama lingeingia lote katika diski nne zenye jumla ya kilo 28, na kila kilo ya chuma ikihitaji jouli 460 hivi ili ipande digrii moja, diski zingepanda digrii 1,700. Chuma cha kusubu huyeyuka kwenye digrii 1,200 hivi. Diski husalimika kwa sababu hewa huzipoza, na injini huchukua sehemu ya kazi.

Diski na pedi

Momenti ya breki ni kani ya msuguano mara umbali wa pedi kutoka kitovu cha gurudumu. Umbali huo ukiongezwa kutoka sentimita 12 hadi 14, momenti huongezeka kwa moja ya sita. Diski nzito huchelewa kupata moto. Yenye nafasi za hewa katikati hupoa upesi. Diski zilizotobolewa huweza kupata nyufa kwenye matundu. Pedi nazo zina kikomo cha joto: kikipitwa, msuguano hupungua, na dereva hukanyaga bila gari kuitika.

Hata hivyo, tairi lililokwisha kufungwa na kuteleza juu ya changarawe halitasimama mapema kwa kuwekewa diski kubwa. Kikomo hapo ni msuguano wa tairi na ardhi.

Mafuta ya breki na gia

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Yale ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia digrii 205 yakiwa mapya, bali 140 tu yakiisha kunyonya maji. Yakichemka, mvuke hubanika na kanyagio huzama. Kwa hiyo, mafuta mapya na gia ndogo, iliyoingizwa kabla ya kuanza kushuka, huokoa maisha kuliko diski ya fahari juu ya mafuta machakavu.

Maswali

1. Injini ikichukua nusu ya nishati, breki hubakiwa na jouli ngapi?
2. Nusu kipenyo cha tairi kikiongezwa kwa asilimia 10, kwa nini kani ya breki ardhini hupungua kwa asilimia 9 hivi?